Barua za Wasomaji: Adui wa Picha za Kihindi Aliyetokea Jukwaani

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu mabanda ya video ya Kigoma Ujiji, na ndani yake tukamtaja kwa sentensi moja tu marehemu Amrish Puri, tukisema kwamba mtu huyo aliyetokea jukwaani alikuwa adui aliyeogopwa kuliko wote katika picha za Kihindi. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Zimetoka Tabora na Kigoma kwa wingi unaokaribiana, na kwa kuwa nyingi zinauliza mambo yanayofanana, tumechagua chache tuzijibu kwa kirefu.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mstaafu wa reli ninayeishi Isevya, Tabora. Picha za Kihindi nimezitazama tangu ujana wangu, na huyo Amrish Puri nimemwona katika mikanda isiyohesabika, lakini sikumbuki hata siku moja kumwona akiwa kijana. Kila nilipomwona alikuwa mtu mzima, mwenye sauti nzito na macho yaliyotoka. Alikuwa wapi wakati wenzake wakiwa vijana wanaimba na kukimbizana bustanini? (Mzee wa Isevya, Tabora)*

Shikamoo mzee. Kumbukumbu yako haikukosea. Hukumwona akiwa kijana kwa sababu wakati wa ujana wake alikuwa ofisini.

Amrish Puri alizaliwa tarehe 22 Juni 1932 huko Nawanshahr, katika jimbo la Punjab. Kaka zake wawili, Chaman Puri na Madan Puri, walimtangulia kwenye sinema, na Madan alikwishajulikana kama adui. Bila shaka ulimwona katika *Deewaar* ya mwaka 1975. Mwimbaji mashuhuri K. L. Saigal naye alikuwa ndugu yao wa ukoo. Kijana mwenye jamaa kama hao alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba mlango uko wazi, naye akaenda Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, akapimwa mbele ya kamera ili apewe nafasi ya stelingi. Alikataliwa. Uso wake, waliambizana watayarishaji, ulikuwa mkavu mno kwa mtu wa kuimbiwa nyimbo za mapenzi.

Hapo ndipo maisha yake yalipochukua njia ambayo watu wengi wa fani hiyo wasingeivumilia. Aliajiriwa katika shirika la serikali la bima ya wafanyakazi, aina ya taasisi tunayoweza kuilinganisha na mifuko yetu ya hifadhi ya jamii, na akakaa humo kwa takriban miaka 20, akishughulika na mafaili kama karani mwingine yeyote. Humo humo ndimo alimokutana na Urmila Diveker, wakafunga ndoa mwaka 1957 na kujaliwa watoto wawili. Mchana alikuwa mtumishi wa serikali, na jioni, baada ya saa za kazi, alikwenda kwenye mazoezi ya tamthilia.

Picha yake ya kwanza yenye uzito, *Reshma Aur Shera* ya Sunil Dutt, ilitoka mwaka 1971, naye akikaribia miaka 40. *Nishant*, iliyowafanya watu wa filamu wamtazame kwa makini, ilitoka mwaka 1975. Na *Mr. India*, iliyomfanya hata mtoto wa Ujiji ajue jina la Mogambo, adui aliyemwigiza humo, ilitoka mwaka 1987, akiwa anakaribia kutimiza miaka 55, ambao kwa watumishi wengi ni umri wa kujiandaa kustaafu. Kwa hiyo, mzee wangu, ulimwona mtu mzima kwa kuwa sinema nayo ilimpokea akiwa mtu mzima.

*Mheshimiwa, hapa Mwanga, Kigoma, nilikuwa nikiingia kwenye banda la video kila Jumamosi. Mkalimani wetu alikuwa na kipaza sauti, naye alitafsiri kila kitu kwa Kiswahili huku picha ikiendelea, sauti za wanawake, za wazee, hadi za mbwa. Lakini Amrish Puri alipoanza kusema, mkalimani yule alikuwa anatulia kwanza, anaacha ile sauti ya Kihindi isikike yenyewe, ndipo anatafsiri kwa ufupi. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa mwigizaji mwingine. Sauti ile aliipata wapi? Alizaliwa nayo au alifundishwa? Na mlisema aliwahi kuwa mtu wa jukwaa, jukwaa lipi? (Msomaji wa Mwanga, Kigoma)*

Barua hii tumeisoma mara kadhaa pale ofisini, kwa sababu mkalimani huyo alikuwa anajua kazi yake. Alitambua kwamba kuna sauti ambayo ukiifunika umeipunguza picha yote.

Uzito wa sauti ile ni wa kuzaliwa, hilo halina ubishi. Lakini uzito peke yake haumfanyi mtu aheshimike mbele ya kamera. Wapo watu wengi wenye sauti nzito ambao wakisema maneno kumi, matano yanapotea. Kinachomtofautisha Puri ni kwamba neno la mwisho katika sentensi yake husikika wazi kama la kwanza, na kwamba anajua mahali pa kusimama. Mwigizaji wa jukwaani hulazimika kuyajua hayo. Yule wa sinema anaweza kusaidiwa na fundi wa sauti na mkata picha, lakini wa jukwaani, akimeza neno, mtu wa kiti cha nyuma halipati, na hakuna wa kumrudishia.

Jukwaa lenyewe lilikuwa la Bombay, na halikuwa la kifahari. Mwongozaji Ebrahim Alkazi ndiye aliyemvuta kwenye tamthilia, kupitia kikundi kilichoitwa Theatre Unit. Alkazi alipohamia Delhi mwaka 1962 kwenda kuongoza chuo cha taifa cha maigizo, kikundi kikabaki mikononi mwa Satyadev Dubey, mtu mkali, mwenye kusisitiza matamshi kupita kiasi, na aliyeamini kwamba tamthilia husimama au huanguka kwa neno linalotamkwa. Puri alifanya kazi na Dubey kwa miaka mingi, katika michezo ya Kihindi iliyotungwa na waandishi waliokuwa wakiibadilisha fasihi ya India wakati huo. Watu wa aina hiyo walifanya mazoezi usiku, baada ya ajira zao, wakaonyesha kwa siku chache, kisha wakaanza mchezo mwingine. Fedha ilikuwa kidogo au haikuwepo.

Nitataja michezo miwili tu, kwa kuwa inafungua mlango wa kuelewa mengine yote.

Wa kwanza ni *Yayati* wa Girish Karnad, uliojengwa juu ya kisa cha kale cha mfalme aliyelaaniwa kuzeeka kabla ya wakati wake, akaambiwa kwamba laana itaondoka iwapo atapatikana kijana wa kuubeba uzee huo badala yake. Mwanawe mwenyewe anakubali kuubeba, na baba anapokea ujana wa mwanawe. Puri ndiye aliyecheza nafasi ya mfalme Yayati. Hebu mtu afikirie ugumu wa nafasi hiyo. Baba huyo akionyeshwa kama katili tu, mchezo umekwisha dakika ya kwanza. Lazima mtazamaji amwone anavyoutaka ule ujana na anavyojua kwamba anachokitaka ni dhuluma.

Wa pili ni *Adhe Adhure* wa Mohan Rakesh, mchezo wa nyumba moja ya mjini inayosambaratika. Mtunzi aliagiza jambo lisilo la kawaida, kwamba wanaume wote wanaohusika na maisha ya yule mama wa nyumba wachezwe na mwigizaji mmoja. Mume aliyeshindwa maisha, mkubwa wa kazi anayejipendekeza, rafiki tajiri, na yule mwenye busara anayekuja mwishoni kusema ukweli mchungu, wote wana uso mmoja. Mwigizaji anabadilisha koti na namna ya kukaa kitini, na mtazamaji lazima aamini kwamba aliyeingia ni mtu mwingine. Mjini Bombay, chini ya Dubey, mwigizaji huyo alikuwa Amrish Puri.

Ukishalijua hilo, unaanza kuona kwamba wale maadui wake wa sinema, ambao kwa haraka tunawadhani ni mtu mmoja aliyebadilishiwa nguo, kila mmoja anakaa kitini kwa namna yake. Mogambo anakalia kiti chake cha enzi huku vidole vyenye pete vikichezacheza juu ya tufe la mkono wa kiti. Ni mtu aliyechoshwa na utii wa watu wake na anayetafuta cha kumfurahisha. Bhairo Nath wa *Nagina*, ile picha ya nyoka ya mwaka 1986 ambayo hakuna nyumba ya Kigoma isiyoijua, hatulii hata kidogo. Katika ule wimbo wa mwisho, yeye na wafuasi wake wakipuliza zumari na Sridevi akicheza mbele yao, mwili wake wote unamfuata yule mwanamke, na anaposhindwa kumtiisha unaiona hasira ikipanda kutoka mabegani kabla haijafika usoni. Huwezi kuwachanganya watu hao wawili hata picha ikiwa imechakaa kama ile mikanda ya zamani iliyokuwa inaruka mistari.

India yenyewe ilimtambua kwanza kwa jukwaa. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, ambayo ni heshima ya kitaifa kwa watu wa muziki, ngoma na maigizo, naye aliipata kama mwigizaji wa tamthilia. Mogambo alikuwa bado miaka minane mbele.

*Mwandishi, tumebishana hapa kijiweni Ujiji. Mmoja anasema Amrish Puri ndiye Gabbar Singh wa Sholay. Mwingine anasema yeye na Om Puri ni baba mmoja mama mmoja. Tumalizieni ubishi. (Vijana wa Ujiji)*

Wote wawili wamekosea. Gabbar Singh, yule jambazi wa *Sholay*, alichezwa na Amjad Khan, aliyefariki mwaka 1992. Om Puri alizaliwa Ambala, hakuwa ndugu wa Amrish, na jina Puri ni la ukoo linalotumiwa na familia nyingi za Kipunjabi. Ubishi wenu hata hivyo una chanzo chake, kwa kuwa katika *Ardh Satya* ya mwaka 1983 Om Puri ni askari polisi na Amrish Puri ni baba yake mkali. Waliigiza baba na mwana kwa ufundi uliowafanya watu wengi, hata huko kwao, waamini ni damu moja.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kanyenye, Tabora. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa akijificha nyuma ya kochi kila huyo mtu alipotokea. Swali langu ni la dhati: mtu anayeweza kuigiza ubaya kwa kiasi kile, nyumbani kwake alikuwa mtu wa namna gani? Na kwa nini basi katika ile picha ya Shah Rukh Khan na Kajol, ya treni, nililia kwa ajili yake? (Mama wa Kanyenye)*

Mama, habari za hapo nyumbani. Waliofanya naye kazi wanamweleza kama mtu mpole, mwenye kufika kazini kwa wakati na kujua maneno yake kabla ya kufika, tabia ambazo mtu akiwa karani miaka 20 hazimtoki kirahisi. Maisha yake ya nyumbani yalikuwa ya mke mmoja na familia tulivu, na magazeti ya umbeya ya Bombay hayakupata kwake chakula cha maana. Zaidi ya hapo hatuna haja ya kuchungulia.

Swali lako la pili ndilo zito. Picha unayoisema ni *Dilwale Dulhania Le Jayenge* ya mwaka 1995, ambayo jumba la Maratha Mandir la Mumbai liliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 20. Humo Puri ni Baldev Singh, Mpunjabi mwenye duka London. Tazama tena mwanzo wake. Kabla hatujamjua mtu mwingine yeyote tunamwona yeye, amevaa koti zito katika uwanja wa Trafalgar, anawarushia njiwa punje na kuiwaza nchi yake aliyoiacha. Mwongozaji ametuambia tangu dakika ya kwanza kwamba mtu huyu ana huzuni, na kwamba ukali wote utakaofuata unatoka humo. Wahindi wetu wenye maduka ya miaka mingi hapa Tabora wangemwelewa vizuri zaidi kuliko sisi.

Kisha njoo kwenye treni. Stelingi amepigwa, yumo mlangoni mwa behewa, na treni imeanza kuondoka. Kajol anataka kukimbia, baba amemshika mkono. Wewe unayeishi mji wa njia panda ya reli, ambapo treni ya Kigoma na ile ya Mwanza huachana, unajua muda ule ulivyo mfupi. Puri hafanyi lolote kwa muda mrefu kuliko inavyotarajiwa. Uso haubadiliki. Mkono ndio unaolegea kwanza, halafu ndipo anamwambia binti aende akaishi maisha yake. Mwigizaji mwingine angelia machozi ili watazamaji wajue kwamba moyo umelainika. Yeye aliacha vidole viseme, na machozi akakuachia wewe ulie.

Nadhani ulilia kwa sababu ulikuwa unamwogopa. Mtu ambaye kwa miaka kumi umemzoea akichoma vijiji, anapolegeza mkono mara moja tu, unashtuka kuliko ungemwona mpole tangu awali. Na hapa naomba niseme jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui. Tuzo za Filmfare, za sinema ya Kihindi, zilikuwa na kundi la uigizaji wa adui, lililoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1990, na Amrish Puri hakuwahi kulishinda hata mara moja. Alishinda mara tatu kama mwigizaji bora msaidizi, kwa *Meri Jung*, *Ghatak* na *Virasat*. Katika ya kwanza ni wakili mwovu. Katika mbili nyingine ni baba mwema, na *Ghatak* ni ya baba mgonjwa wa koo anayedhalilishwa na wahuni mbele ya mwanawe. Wahindi waliompa tuzo waliona kile ulichokiona wewe kwenye kochi lako.

*Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Tabora. Nimemwona Amrish Puri katika picha ya Wazungu, ana kipara na pembe kichwani, anamtoa mtu moyo kwa mkono. Aliingiaje huko? Na je, ni kweli Wahindi waliikasirikia? (Mwanafunzi, Cheyo)*

Ni kweli. Ni picha ya Steven Spielberg ya mwaka 1984, *Indiana Jones and the Temple of Doom*, naye anaitwa Mola Ram, kuhani wa mungu wa kike Kali. Serikali ya India haikuridhika na namna dini na watu wake walivyochorwa, picha za nje zikaenda kupigwa Sri Lanka, na filamu ilipotoka ikazuiwa India kwa muda. Malalamiko hayo yalikuwa na haki. Kuna karamu humo ya kula ubongo wa nyani na wadudu ambayo haina mahali popote katika mila za Wahindi, na Mola Ram mwenyewe ni mtu asiye na sababu yoyote ya kuwa mwovu isipokuwa kwamba hadithi ilimhitaji. Puri alimwigiza vizuri sana, vizuri kuliko alivyoandikwa.

Faida aliyotoka nayo ilikuwa kichwani, kwa maana halisi. Alinyolewa kipara kwa ajili ya kazi hiyo, akaona kwamba mtu mwenye kipara anaweza kuvikwa nywele za aina yoyote, na kuanzia hapo akaendelea kunyoa. Zile nywele za rangi ya dhahabu za Mogambo zilikaa juu ya kipara hicho. Miaka miwili kabla, mwaka 1982, alikwishaigiza pia katika *Gandhi* ya Richard Attenborough kama mfanyabiashara Khan wa Afrika Kusini, sehemu fupi lakini yenye heshima, na kama una nafasi ya kutazama moja kati ya hizo mbili kabla ya mtihani, tazama hiyo ya *Gandhi*, itakusaidia na somo la historia.

*Shikamoo mwandishi. Sisi ni kikundi cha maigizo hapa Gungu, Kigoma. Tunaigiza kwenye mikutano ya vijiji kuhusu afya, ndoa za utotoni na mambo ya ardhi. Mimi kwa sababu ya sura yangu napewa adui kila siku. Wananchi wananizomea hadi sokoni. Nimechoka, nataka niwe stelingi, lakini mwongozaji wetu anakataa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Na nikitaka kujifunza kwa Amrish Puri, nianze na picha zipi, maana ni nyingi? (Mwigizaji wa Gungu)*

Marahaba mwanangu. Kama wananchi wanakuzomea hadi sokoni, kwanza pokea hongera, kwa sababu wapo wanaoigiza miaka mingi bila muuza dagaa yeyote kuwakumbuka. Lakini naelewa uchovu wako.

Mimi nisingegombana na mwongozaji juu ya nafasi. Ningegombana naye juu ya namna adui anavyoandikwa. Katika michezo mingi ya kuhamasisha jamii ambayo nimeitazama, mzee anayemwoza binti mdogo huingia akiwa amelewa, anapiga kelele, anampiga mke, na watu wanacheka. Mzee wa namna hiyo hamgusi mtu yeyote mkutanoni, kwa kuwa wale wazee halisi wenye mpango wa kuoza mabinti zao hawajalewa, wamekaa mstari wa mbele wamevaa vizuri, na kila mmoja anajiambia kwamba anayesemwa si yeye. Mpe mzee wako sababu. Mpe deni, mpe mazao yaliyokauka, mpe sauti ya upole anapomwambia binti kwamba anampenda. Hapo utaona kimya mstari wa mbele.

Na hilo ndilo hasa unaloweza kulipata kwa Puri, ila si katika picha zilizompa jina. *Mr. India*, *Karan Arjun*, *Tridev*, hizo zitazame kwa raha zako. Za kujifunzia ni zile alizofanya na mwongozaji Shyam Benegal katika miaka ya 1970, alipokuwa ametoka jukwaani moja kwa moja.

Anza na *Manthan* ya mwaka 1976. Ni hadithi ya wafugaji wa Gujarat wanaoanzisha ushirika wa maziwa, na fedha za kuitengenezea zilitolewa na wafugaji wenyewe wapatao 500,000, kila mmoja rupia mbili. Puri ni Mishra, mwenye kiwanda anayenunua maziwa yao kwa bei ya chini. Hapigi kelele hata kidogo. Ana tabasamu, anawakopesha, anauliza habari za watoto, na ushirika unapoanza anazungumza kama mtu aliyeumizwa na watu aliowatendea wema. Mkulima yeyote wa tumbaku wa Urambo au Kaliua akiitazama atamtaja kwa jina mtu anayemfahamu. Jiandikie ni mara ngapi Mishra anasema uongo wa wazi. Utakuta ni chache mno, na ndipo utakapoona kazi ilivyofanyika.

Kisha tafuta *Nishant*, ambamo ni kaka mkubwa katika familia ya mabwana wa ardhi. Wadogo zake wanamteka mke wa mwalimu, na yeye hashiriki kwa mikono yake. Anachofanya ni kujua na kuendelea kula chakula chake. Kwa igizo lenu la ardhi, huyo ndiye wa kumtazama, maana katika migogoro ya vijijini mara nyingi mwenye nguvu kuliko wote ndiye asiyeonekana uwanjani.

*Virasat* ya mwaka 1997 ni ya baadaye na ina nyimbo, na humo utamwona akiwa mkuu wa ukoo anayejaribu kuzuia damu isimwagike baina ya ndugu. Itazame ili umwonyeshe mwongozaji wako kwamba sura ya adui inaweza kubeba mtu mwema, na kwamba wananchi wa Gungu watakuja kwa wingi kukuona ukimgeuza huyo mtu wanayemzomea. Hilo ni ombi ambalo mwongozaji anaweza kulikubali haraka kuliko ombi la kuwa stelingi.

Usikate tamaa kwa sababu ya umri wala ajira. Puri alipofariki Mumbai tarehe 12 Januari 2005, akiwa na miaka 72, bado alikuwa na kazi ambazo hazijatoka. *Kisna* ilionyeshwa baada ya mazishi yake. Alifanya kazi hiyo hadi mwisho, na miaka yake ya mwanzo aliifanya akiwa na mshahara wa ofisi mfukoni, kwa hiyo kama una kibarua cha bandarini au duka la simu, usikiache.

Iliyobaki ni *Bhumika* ya mwaka 1977, na hiyo nimeiweka mwisho kwa makusudi kwa kuwa ni ngumu kuipata. Puri ni Kale, tajiri anayemchukua mwigizaji maarufu wa kike, aliyechezwa na Smita Patil, akamweka katika nyumba yake kubwa ya shamba kwa heshima zote. Siku mwanamke huyo anapotaka kutoka, ndipo anapoelezwa, kwa adabu kamili, kwamba hapo watu hawatoki. Huenda msipate nakala yenye tafsiri ya Kiswahili. Itazameni hivyo hivyo, kikundi kizima, kwa sababu Kale hasemi maneno mengi, na hayo machache mtayaelewa kwa jinsi anavyosimama karibu na mlango.